Safu ya Sita

Daftari langu lina safu tano:
jina, karai, lori, deni la chai, sahihi.
Nilizichora mwenyewe kwa rula ya mwanangu
jioni moja ya mvua, kibatari kikinitolea macho.
Ya sita sikuichora. Hakuna aliyeniagiza.

Hapa nyuma ya Tororo, njia ya Malaba,
jiwe haliulizi umelala saa ngapi.
Usiku linachomwa kwa matairi hadi lipasuke,
asubuhi nyundo,
mchana linakwenda kuwa ukuta wa mtu
ambaye hatutamwona akifungua mlango.

Jumanne, saa tano kasoro,
Emojong alishika patasi,
Obbo nyundo ya ratili kumi na sita.
Miaka saba walifanya hivyo bila kutazamana,
kama mke na mume wanavyopokezana sufuria.
Kisha mpini ukachoka.
Sikusikia kilio. Nilisikia kimya,
nyundo thelathini zikikatiza neno kwa pamoja.

Kidole gumba tulikitia kwenye mfuko wa sukari.
Mtu alisema Mbale wanashona.
Bodaboda ikaondoka na Emojong,
mfuko ukabaki juu ya turubai,
sisimizi wakaupata kabla yetu.

Msimamizi akaniinamia: "Andika hayupo."
Nikaandika hayupo.
"Kuanzia saa tano. Na ule mpini,
elfu nane, wagawie wote wawili."
Mpini ulipata mahali pake,
chini ya deni la chai.

Obbo hakugusa nyundo wiki ile.
Alikaa na wanawake akichambua kokoto,
akizihesabu kwa sauti,
akifika kumi anakosea,
anaanza upya.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hawakusema vinne visivyo na gumba
vinafanyaje na kifungo cha shati.
Asekenye humfunga sasa, kila alfajiri, hadi shingoni,
naye mumewe hutazama paa
kama mtoto anayeoshwa uso.

Mwisho wa mwezi alikuja kuchukua chake.
Foleni ikampisha; hata hilo hakulipenda.
Nikamsogezea kidau cha wino,
mdomo ukanitangulia kwa mazoea:
"Dole gumba. La kulia."

Tukatazamana.
Nje lori lilikuwa likijazwa, karai baada ya karai.
Akachovya kile kilichobaki,
akakandamiza taratibu,
kama mtu anayepiga muhuri wa serikali.

Alama haina mistari.
Ni duara jeusi, laini,
kokoto iliyokaa mno mtoni.
Msimamizi anasema hiyo si sahihi,
niifute.

Nimetoa rula ya mwanangu.
Kando ya lile duara ninashusha mstari,
toka juu ya ukurasa
hadi chini kabisa.