Sitini na Nne

Tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka.
Kwa Zorki za Krasnogorsk huo ndio ufunguo wote:
pangusa vumbi kwa kidole gumba,
soma 5 na 8, soma 7 na 1,
na chuma kitakutajia umri wake
bila haya.

Hayo nawaambia wote wanaosimama
mbele ya meza yangu, Daraja Kavu, Tbilisi,
kati ya Jumberi muuza medali
na yule mama wa vikombe visivyo na visahani.

Nanuli alikuja Februari,
siku ambayo theluji ilishindwa kuamua kama ni mvua.
Kamera ilikuwa ndani ya soksi ya sufu.
Ya baba, alisema. Nataka kujua bei tu.
Baba alikufa mgodini, Norilsk, sitini na moja.
Telegramu ilikuja, mama akaiweka
chini ya kitambaa cha meza,
tukala juu yake miaka thelathini.
Kamera ililetwa baadaye na mtu asiyevua kofia.
Kofia naikumbuka. Mwaka, hapana.

Lenzi: 58. Vyema.
Nikageuza mwili wa kamera kwenye mwanga.
64.

Nikahesabu moyoni, sitini na mbili, sitini na tatu.
Naye alikuwa anahesabu. Niliiona midomo yake.

Nikawahi kusema, kama mtu aliyeangusha sahani ya wenyewe:
mama, kamera ni kama nguo ya mtumba,
kola ya huyu, vifungo vya yule.
Vifuniko hubadilishwa.
Mwaka wa tisini na tatu, umeme saa mbili kwa siku,
mimi mwenyewe nilifuta nambari kwa msasa,
nikachonga jina la Kijerumani
na tarakimu nilizozibuni kando ya jiko la mafuta ya taa.
Mholanzi mmoja akanipa dola mia,
akanishukuru kwa mikono miwili.
Nambari haina kosa.
Mkono unaoichonga ndio wenye njaa.

Akasema: Fungua.

Nikazipanga skrubu juu ya gazeti, kwa mzunguko wa saa.
Ndani ya ganda, mahali pasipojua jua,
fundi fulani alikwaruza kwa sindano:
8.66, na neno moja la Kirusi, *pazia*.

Yaani Agosti ya sitini na sita
kuna mtu aliyeona pazia la kamera hii limechanika,
akajali, akalipa.
Mwenye kofia, labda.
Labda alinunua mwili mpya akaufunga lenzi ya marehemu.
Labda hakukuwa na marehemu.
Jina la mteja fundi hakuandika.
Sisi hatuandiki majina.
Tunaandika tarehe na ugonjwa,
kama madaktari wa jela.

Inapiga? akauliza.
Nikavuta wenzo. Kasi kubwa zote zikaitika.
Sekunde moja ikavuta pumzi,
ikasahau kuitoa.

Akaniachia hadi Alhamisi. Bei hakuitaja tena.
Nikaosha gia kwa petroli na unyoya,
nikahesabu sekunde kwa mdomo hadi ikawa sekunde,
na kabla ya kufunga ganda nikachukua sindano,
nikakwaruza mwezi na mwaka,
kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini,
herufi sita za jina lake kwa Kigeorgia.
Jina la baba nililiacha.
Sikujua niandike *binti* au *yatima*.

Alhamisi hakuja.
Alikuja Jumamosi, hana soksi, hana mfuko,
ana karatasi ya rangi ya chai
yenye mikunjo minne na duara la sahani.
Akaiweka mezani, kidole juu ya pembe ya kulia,
penye safu ya tarakimu zilizofifia.

Na hizi, akauliza,
nazo zinaanza na mwaka?

Telegramu sizijui, nikamwambia.

Nikavaa miwani.