Kamba Namba Moja

Msimamizi wa mazishi alitugawia vikadi,
kila kimoja na mchoro wa jeneza na namba ya kamba.
Kule Balcraig maiti hashushwi na wageni;
wanane wa karibu hushika kamba,
na ya kwanza, ya kichwani, ni ya damu.
Baba yangu Dod alipokea namba moja
akaitazama kama mtu aliyeletewa risiti
ya deni alilodhani limeoza.

Miaka kumi na tisa hakusema na dada yake.

Shangazi Netta alizaliwa safu ya chini,
nyumba za matofali za kampuni ya makaa.
Babu akitoka shimoni alioga mbele ya moto, ndani ya beseni,
mwili wote isipokuwa mgongo:
wachimbaji waliamini kuusugua ni kuulegeza.
Netta, miaka sita, taulo mkononi: "Nani kasema?"
Hilo, baba alikuwa akisema enzi zile bado anamtaja,
ndilo swali lake la kwanza bungeni.

Kwenye kiwanda cha kitani, Dunfermline,
mashine zilimla sikio la kushoto
zikamlipa fidia: alijifunza kusoma midomo.
Ndiyo maana baadaye hakuna mheshimiwa
aliyemteta upande wa pili wa ukumbi akabaki salama.

Kwanza alikuwa diwani,
na diwani yake ilikuwa daftari la jalada jekundu:
namba kumi na nne, bomba linavuja;
namba ishirini, mtoto anakohoa, ukuta una ukungu;
mjane Imrie anadai mlango, si ahadi ya mlango.
Sijasoma beti zilizonigusa kuliko hizo.

Halafu London. Kila Jumapili, treni ya usiku,
baba akimbebea sanduku hadi stesheni,
na shayiri ya uji kwenye mfuko wa karatasi,
kwa sababu uji wa kule, alisema, ni gundi.
Walimcheka matamshi. Akazidi kuyakwaruza,
r zake zikiburuzwa kama koleo juu ya jiwe.

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu;
yeye alipopewa unaibu waziri
faili la kwanza mezani lilikuwa la kwao.
Maji yalikuwa yanapanda mgodini.
Mhandisi alikuwa na hesabu. Nimeziona. Hazina kosa.
Akatia sahihi.
Baba alisikia redioni, povu bado shavuni,
akaenda kazini na uso ulionyolewa nusu.

Hakutuma barua. Hilo nampa. Alikuja mwenyewe,
akasimama ukumbi wa wachimbaji, bila karatasi.
Hakuna aliyezomea. Watu mia nne na sitini
walinyanyuka, wakageuza viti, wakakaa.
Migongo mitupu. Na msoma midomo
ukimpa mgongo umemziba masikio yote mawili.
Alisema saa nzima.
Kiti cha baba kilikuwa safu ya tatu.

Uchaguzi uliofuata alishindwa kwa kura sitini na mbili.
Hakuomba zihesabiwe tena.
Kama baba alipiga au hakupiga, mama alinikataza kuuliza.

Akarudi Balcraig, chumba na sebule vya halmashauri,
akiwaandikia wazee barua za pensheni,
wakiwemo waliogeuza viti.
Kila Oktoba gunia la viazi lilikutwa mlangoni pake.
Hapakuwa na hodi.

Mvua ilikuja ya ubavu, kawaida ya Fife.
Mchungaji akasema "sasa", tukaachia kidogo kidogo,
kamba zilizolowa zikituchoma viganja.
Baba alikuwa wa mwisho kuachia.
Midomo yake ilicheza, maneno mengi, bila sauti.
Mimi sijui kusoma midomo.
Aliyejua alikuwa anashuka.