Shimo Namba Kumi na Saba

Nimepanda Samad Shan na koleo, futi,
kichupa cha asidi na kitabu cha rangi
kilichochakaa zaidi kwenye kurasa za kahawia,
kwa kuwa mindimu ya Bi Shinuna inakufa
na mkaguzi aliyenitangulia aliandika: haijulikani.

Shamba liko juu, kwenye uwanda ulioinuka,
wadi iko chini kabisa, kavu tangu mwaka juzi.
Mchanga mtupu. Nani atauliza maji yanakwenda wapi
mahali ambapo mate hayafiki ardhini?

"Kijicho," anasema Bi Shinuna.
"Yule jirani alisimama pale ukutani akazisifu
bila kusema mashallah."

Shafiqul anachimba, mimi naandika.
Sentimita ishirini: mchanga mlegevu, rangi ya biskuti.
Natema mate kiganjani, nafinyanga; tonge halishiki.
Arubaini: mchanga bado, ila una ubaridi,
ubaridi wa sakafu ya bafu asubuhi.
Sitini: madoa ya kutu,
madogo, mengi, yenye kingo dhahiri,
yamefuata njia ya mizizi iliyooza.
Sabini na tano: kijivu. Nafungua kitabu
ukurasa ambao haujawahi kushikwa,
kurasa zake bado zimegandana.
Harufu ya yai viza inapanda.
Tisini, koleo linagota. Ngo!
Naangusha tone la asidi: povu.
Chokaa, imeshikamana kama sakafu ya birika,
na juu yake maji yameketi
kama mgeni asiyejua nyumba ina mlango wa nyuma.

Tumefunzwa kwamba maji hufuata mkondo.
Haya hayakupewa mkondo.

"Majani yalipoanza umanjano," anasema Bi Shinuna,
"niliona kiu. Nikamwambia Shafiqul
bomba lifunguliwe alfajiri na magharibi.
Hata Ramadhani. Mimi midomo imekauka,
wao wanakunywa."

Napima chumvi. Napima tena,
jibu ninalo, sitaki tu kuinua uso.

"Imekufa maji, Bi Shinuna."

"Jangwani?"

"Jangwani."

Fomu ya wizara ina visanduku.
Ardhi ya juu: ndiyo. Mchanga: ndiyo.
Na ukishatia alama mchanga, mstari unaofuata
umekwisha jazwa kiwandani: hupitisha maji kwa kasi.
Aliyeuchapa hakuwahi kuingia shimoni.
Naukata. Naandika kwa mkono, herufi kubwa: HAUPITISHI.

"Linaitwaje, basi, dongo hili?"
Namtajia jina lote, kundi, kikundi, aina,
tabaka gumu, dalili za maji kutuama.
Anacheka mara ya kwanza leo.
"Hiyo ni nasaba, mwanangu, si jina.
Kwetu Wete ulisema kinongo, kinamo, kichanga,
na mtu akajua achukue mbegu gani."

Anashuka ukingoni, magoti yakilia,
anapokea bonge la kijivu kutoka mkononi mwa Shafiqul,
analinusa kama anayenusa maziwa.
"Bonde," anasema. "Hili ni bonde la mpunga
limepotea njia likaja kukaa mlimani."

Shafiqul hajui Kiswahili.
Amelisikia hilo neno lakini, au ameliona usoni mwake.
Anainama mle shimoni, kiunoni akiwa na matope,
anaonyesha kwa vidole: miche mitatu, mitatu,
na hatua moja nyuma. Mitatu. Hatua nyuma.
Bi Shinuna anaitikia kwa kichwa, ndivyo,
ndivyo hasa, mama yangu alirudi nyuma hivyo hivyo.

Penye mapendekezo naandika:
mtaro wa kutolea maji, kina zaidi ya mita moja,
sakafu ivunjwe kabla ya kupanda tena.
Penye maelezo mengine naanza neno, naliacha.

Yeye kashafika bombani.
Analifunga mwenyewe, kwa mikono miwili.
Likatoa matone manne.
Akasubiri. Likatoa la tano.