Beki wa Kushoto, Barabara ya Kumi na Nne

Semkiwa alipopata kazi Salalah
aliniachia deni la duka,
kandambili zilizoliwa kisigino,
na hiyo mashine nyeusi chini ya televisheni,
inayohema kama paka aliyeshiba.

Usiku mmoja naifuta vumbi, nikagusa nisipopajua.
Kioo kikawaka. Vile vya masikioni vikasema:
"Beki! Miezi miwili ulikuwa wapi?"
Nami, mzaliwa wa Ngamiani, niliyefunzwa adabu ya mlango,
nikajibu: "Hodi."

Kimya.
Kisha wakacheka, kila mtu kicheko cha kwao.
"Karibu, mama. Shika pedi."

Pedi! Mimi ni mtu wa pedeli.
Miaka ishirini na sita mguu huu unaendesha cherehani,
unajua uzi utakatika kabla haujakatika.
Vidole gumba havikujua kitu.
Siku ya kwanza nilikimbia na mpira hadi nje ya uwanja,
nikaendelea kukimbia.
Siku ya pili nilijifunga.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
ya tatu wakanipa winga mwenye mbio za mwizi,
wakasema, "Huyu wako."

Sijawaona. Nawajua kwa yanayosikika nyuma yao.
Rweyongeza wa Muleba ana mvua ya mabati.
Tekla ana mtoto anayekohoa kila saa nne usiku;
nimemwambia tangawizi, ameshajaribu.
Isha huanza kwa Nuhu, Wete,
dakika mbili baadaye hufika msikiti wetu,
na mchezo husubiri.
Wao wananijua kwa cherehani:
ikinyamaza wanasema, haya, Beki kaingia.
Na siku hizi haingii mtu bila hodi,
hata yule kijana wa Tunduma aliyezoea kuingia na matusi.

Umeme ulipokatika Ngamiani nzima,
mashine ilitaka kuwapa mtu wa bandia mahali pangu.
Wakakataa. Wakafungwa sita.
Nikarudi nikakuta nafasi yangu wazi,
kama kiti cha mtu aliyekwenda chooni.

Nuhu haongei. Huandika tu: ndiyo, hapana, nipe.
Usiku mmoja wa Shaabani alisahau kipaza sauti wazi.
Tukasikia wanawake wakilia,
na mtu akiuliza sanda iko wapi.
Hatukuambiana. Tulisimama.
Wapinzani, sijui wa wapi, wakatufunga moja,
wakatufunga la pili,
la tatu mshambuliaji wao akafika langoni, akasita,
akauacha mpira palepale.
Tukakaa matanga katikati ya uwanja,
wachezaji ishirini na wawili, mmoja wetu hana mtu ndani,
hadi muda ukaisha wenyewe.
Asubuhi kila mmoja alituma alichonacho kwa simu.
Mimi elfu saba, ujira wa suruali mbili.

Semkiwa hunipigia mara moja kwa mwezi, mshahara ukitoka,
mbio mbio, kama anayelipia pumzi.
Juzi kaingia mgeni.
"Vipi, wazee! Beki wa kushoto nimerudi."
"Hapa watu hupiga hodi," akasema Tekla.
Wengine kimya, wananisubiri mimi.
Nikasema: "Nafasi ina mtu, baba. Kacheze mbele."

Akapoteza mpira.
Kikapita kitambo; mtandao ulichelewa, au yeye, sijui.
"Mama?"
"Kaba kwanza."

Leo usiku wa nne mfululizo.
Wakati wa kona nimemuuliza amekula nini:
wali na dengu.
Sasa zimebaki dakika tatu, bando linakwisha,
magauni ya watu hayajapigwa pindo,
na mwanangu ananipigia kelele kutoka Salalah:
"Panda, mama! Panda, nimekuona!"