Gagulo la Ngazini

Mwalimu Nampunju kasema: anza ndani.
Hakuna gauni, hakuna kanga, hakuna hata kifungo
mpaka unishonee kile kisichoonekana.

Nikapewa yadi sita za merikani,
rangi ya muhogo uliomenywa asubuhi
ukasahauliwa.

Mchezo ni wa mwaka hamsini na mbili:
mke wa karani wa bandari, Mtwara,
anapanda ngazi mara mbili, anashuka mara moja.
Haanguki. Havui. Upepo haumfunui.
Gagulo la nini sasa, Mwalimu?
Panda na jinzi yako, akasema. Nikapanda.
Haya, funga shuka hili, likunje marinda, panda tena.
Akapanda mtu mwingine.

Tatizo, kielelezo.
Makumbusho kuna kanzu, kuna kofia, kuna jambia lenye kutu.
Nguo ya ndani hakuna aliyekwenda kuitoa zawadi.
Iliishia nepi.
Iliishia dekio.
Iliishia kitambaa cha kushikia sufuria.

Nikaenda Chikongola kwa bibi yangu, Bi Somoe.
Akanitazama kama mtu aliyekuja kukopa:
Kwa hiyo ada yote ile, korosho za misimu mitatu,
imekwenda kwenye mashimizi?
Akacheka mpaka akakohoa.
Kisha akafunga dirisha. Akafunga mlango.
Akanitaka simu, akaikalia.

Ndani ya sanduku la bati, chini ya sanda yake mwenyewe,
gagulo la mama yake.
Nikalipima kwa shibiri na wanda, nikikariri:
kiuno cha kamba, si lastiki;
jongo lote kwa mkono, bandi ndogo kama punje za ulezi;
upapi wa chini umechanika, umeshikwa kwa uzi mweusi
bila kuona haya.
Na upande wa kushoto, ndani kabisa,
kifuko. Mdomo wake umeelekea mwilini.

Hiki cha nini?
Cha pesa ya korosho.
Baba aliamini gunia hupungua uzito kwa jua.
Akaamini msimu baada ya msimu.
Unaona bati hili juu? Jua hilo.
Akafa anasema kaliezeka yeye.

Usiku nikarudi kwenye cherehani.
Nilifumua kiuno mara nne.
Sindano ikanipata chini ya ukucha,
tone likaingia kwenye rinda la saba, nikaliacha.
Nikatia wanga wa muhogo, nikaanika uani,
asubuhi gagulo limesimama lenyewe
kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Mwalimu akaligeuza ndani nje.
Jongo zuri. Pindo zuri.
Hiki kifuko hakimo kwenye mchoro.
Akanikata alama tano. Sikujitetea;
ningemwambia nini, na mlango ulifungwa?

Usiku wa onyesho, kabla sijamfunga Zamda kamba,
nikatumbukiza senti kumi ya zamani, ile yenye tundu.
Sikumwambia.

Ngazi ya kwanza, akapanda kama kawaida.
Mara ya pili, katikati, akasita.
Mkono ukashuka nyongani, ukapapasa, ukatulia.
Haikuwa kwenye mazoezi.
Karani, kule chini, akasahau maneno yake.

Nyuma ya pazia, jasho likimchuruzika:
Wewe, kitu gani kilikuwa kinanigonga pajani?

Jua, nikamjibu,
nikaendelea kufungua kamba.