Daftari la Makorora

Nilipostaafu Bombo, miaka thelathini na mmoja
ya kupima mikojo ya watu na kuandika majibu,
kiinua mgongo kilikuja kwa mkupuo mmoja
na ndugu nao wakaja kwa mkupuo.
Huyu ataka pikipiki, yule mtaji wa duka la simu.
Nikawaambia: nimekwishanunua nyumba.
Uongo. Nilinunua kesho yake.

Vyumba vinne, ukumbi katikati,
bati lenye kutu rangi ya ubuyu,
ukuta wa udongo uliotoa tumbo,
choo cha uani, mlango wake pazia la gunia.
Dalali Mbelwa akasema, "Nyumba hii inaongea."
Kweli. Vuli ilipoanza iliongea usiku kucha
ndani ya ndoo tano.

Nina mwandiko wa maabara, mdogo, ulionyooka.
Kushoto nikaandika Imetoka,
kulia, Imeingia.
Kushoto kukajaa upesi.
Haba na haba, wanasema;
hawasemi kibaba kina tundu.

Fundi Sengasu alinionya: "Mama, usianze na rangi.
Rangi ni poda, na mwenye mafua haponi kwa poda."
Tukaanza juu. Bati, kisha ukuta, kisha sakafu.
Choo kikapata mlango na kitasa,
maana si haki mwanamke aoge huku akiimba
ili watu wajue yumo.
Kila chumba na luku yake:
ugomvi wa pasi na friji ukafa siku hiyo.
Rangi ikaja mwisho, kama hina baada ya kuoga.

Kisha nikapandisha kodi,
kutoka thelathini hadi hamsini.
Watatu walinung'unika, wakalipa.
Semeni, mshona foronya, chumba cha mbele kulia,
miaka tisa humo, kabla yangu na kabla ya dalali,
hakunung'unika. Aliniomba bisibisi.

Akafungua wavu wa dirisha, skrubu moja moja,
akaziweka kwenye kifuniko cha chupa.
Akafungua rafu. Akafungua komeo.
"Hivi nilitia mimi," akasema, bila hasira,
kama mtu anayehesabu watoto wake stendi.
Akafagia chumba, akanipa ufunguo na uzi wake.
Nikaenda kutazama daftari.
Wavu, rafu na komeo nilikuwa nimeviandika
ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mkono wangu:
*Vilivyokuwamo.*

Chumba kilikaa wazi miezi mitatu.
Mbu wa Makorora hawapangi, wanaingia tu.

Fanya hesabu nami.
Nyongeza ya elfu ishirini kwa miezi kumi na miwili:
mia mbili na arobaini.
Toa miezi mitatu mitupu, mia na hamsini.
Toa wavu mpya, rafu, komeo, sitini na tano.
Zinabaki ishirini na tano, ungeziita faida,
ila Mbelwa kaleta mpangaji, na Mbelwa hula mwezi mmoja.
Ujanja wa mwaka mzima
umenidai elfu ishirini na tano.

Nilimfuata Semeni Mabawa.
Wavu ule ule, dirisha dogo zaidi,
umekunjwa pembeni ili utoshe.
Nikataja thelathini na tano. Cherehani haikusimama.
"Sirudi," akasema. "Ila foronya nitakushonea,
kwa bei ya mteja."
Nikanunua sita. Sina vitanda sita.

Sasa daftari lina ukurasa wa tatu.
Haujapata kichwa.
Mna rafu ya kijana wa chumba cha pili,
mna sementi aliyoziba Mama Kiondo kizingitini
kabla sijajua pana ufa.
Majina yao nimeyaandika. Bei, bado.

Januari inakaribia, mwezi wa kupandisha.
Nimekaa ukumbini na kalamu,
nasikia mtu anaoga kimya kimya,
mlango umefungwa.