Saa Mbili ya Nani

Nilimwambia Twalib: njoo Jumapili, saa mbili, tule.
Akaja saa mbili yake, mchana kweupe,
mimi nimelala fofofo, nimetoka zamu ya usiku ghalani.
Akabisha, akachoka, akaenda zake.
Nilipoamka nilikuta mfuko wa machungwa mlangoni, umelowa mvua.
Nikapika. Nikangoja. Wali ukapoa.

Nimlaumu vipi? Mtoto wa kaka yangu kazaliwa hapa hapa Coventry,
Kiswahili kakiokota jikoni,
na jikoni hakuna aliyekumbuka kumwambia
kwamba kwetu mshale unakaa kwenye nane,
mdomo unasema mbili,
na hakuna aliyedanganya.

Basi nikaitoa ile saa ya mkono.
Paundi kumi na mbili, gulio la Jumamosi,
kioo kimekwaruzika kama sahani ya bati.
Haitembei. Ukiitikisa, kuna kitu kinacheza tumboni.
Bwana Wragg wa nyumba ya pili,
aliyemaliza ujana wake kwenye mashine za kukereza vyuma,
aliiweka sikioni, akasema:
"Hii haijafa. Imekauka tu."

Nyumba za mtaa huu wa Chapelfields zina madirisha mapana ghorofani.
Zamani walikaa humo mafundi saa, wakiwinda nuru.
Mimi si fundi. Mimi napakia maboksi.
Lakini meza yangu iko pale pale dirishani,
lenzi jichoni, pumzi nimeibana,
mikono yote miwili ndani ya mfuko wa plastiki
ili springi ikiruka isinikimbie.

Kabla sijajua siri ya mfuko, iliruka.
Nusu ya Jumanne nilitambaa kwenye zulia,
mashine ya kufyonza vumbi nimeivisha soksi ya nailoni mdomoni,
nikavuna makombo, pini, ukucha,
hereni niliyoililia tangu Ramadhani,
na mwisho kabisa yenyewe, springi,
kama unywele uliokatika kwa hasira.

Nikaosha magurudumu kwa mafuta ya kiberiti,
yakuti kumi na saba, moja moja.
Kisha mafuta mengine, kwa ncha ya sindano.
Hapa haba na haba isijaze kibaba:
haba moja, basi, ondoa mkono.

Ukabaki uso. Nyuma una vijiguu viwili vya shaba
vinavyouzuia usigeuke.
Nikavikata kwa kikata kucha.
Bwana Wragg alifumba macho kama aliyeona kuku akichinjwa.
"Si ungezungusha mishale tu?
Saa sita nyuma, kazi imekwisha."

Swali zuri. Nilinyamaza, kibano mkononi.
Ningemwelezaje kwamba mama alisoma saa kwa umbo,
tarakimu hakuzijua hata moja?
Alfajiri mshale umesimama wima, kichwa chini;
adhuhuri uko juu kabisa, pamoja na jua.
Nilitaka mishale ibaki ilivyo kwa watu wote.
Namba ndizo zihame.

Nikaugeuza uso, nikaubandika kwa gundi.
Sita juu. Kumi na mbili chini.
Jina la kampuni limepinduka, halisomeki.
Nikatia ufunguo. Kimya.
Nikaigonga kwa ukucha, kidogo, kama mlango wa mgonjwa.
Ikaanza.

Twalib anaivaa kazini; wanamwambia imeharibika.
Inapoteza dakika nne kwa siku, hilo nakiri.
Jumapili iliyofuata alifika saa mbili na dakika ishirini.
Wali ulikuwa bado unafuka.
"Inachelewa, shangazi."
Nikamwambia: dakika nne ni zake, zilizobaki ni zako.

Akacheka, akanawa, akala.
Halafu Desemba ikaingia, akanipigia simu kutoka kituo cha basi:
"Shangazi, ni saa kumi tu, na giza limeshatanda.
Kuna kitu hujakirekebisha."
Nikaangalia nje. Taa za barabarani zimewaka zote.
Nikamwambia kweli, hicho kipo,
lakini bisibisi yake bado sijaipata.